Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Kanopi za Faiba Mjini Lubumbashi

Watu wengi wanaopita mbele ya uwanja wetu huku Kampemba hudhani kwamba sisi ni waosha magari, na sishangai, kwa maana kinachoonekana kutoka barabarani ni ndoo, mpira wa maji na pikapu nyeupe zilizolowa. Kazi yenyewe ni nyingine. Mimi ni fundi wa kanopi, lile banda la faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini, linalofunika sehemu ya mzigo ya pikapu, lenye madirisha ya pembeni na kioo cha nyuma kinachoinuka juu. Lubumbashi ni mji wa migodi wa Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kampuni za migodi pamoja na wote wanaozihudumia hutembelea pikapu. Kanopi nyingi hutoka Afrika Kusini, hupanda kupitia Zambia na kuingilia mpakani Kasumbalesa, na kwa sababu ya gharama za njia hiyo mwenye kanopi iliyopasuka hutafuta fundi kwanza kabla ya kuulizia bei ya mpya. Nitaeleza siku moja tu ya kazi, ya mwisho wa Oktoba, iliyofuata usiku wa mvua ya kwanza ya msimu.

Saa 12 asubuhi

Natoka nyumbani Katuba jua likiwa limekwisha kupanda. Ndani ya teksi-basi kila abiria anaisifu mvua kwa kutuliza vumbi, nami naisifu kwa sababu zangu. Tangu Mei hakuna aliyefikiria maji. Ufa uliopatikana mwezi wa Juni haumsumbui mwenye gari mpaka siku mizigo yake inapolowa, na siku hiyo hunitafuta kana kwamba kanopi imepasuka usiku uleule.

Saa 1

Nafungua geti pamoja na kijana ninayemfundisha kazi. Tunafagia, tunajaza pipa la maji kabla bomba halijakauka, tunatoa resini kwenye chumba chenye kivuli. Nje kuna foleni tayari.

Saa 1 na nusu

Gari la kwanza limeletwa kuoshwa na kupakwa nta tu, kazi ambayo gari linalolala juani huku kwetu linastahili kufanyiwa kila baada ya miezi michache. Hapa ndipo watu wanaponiita muosha magari, na hapa pia ndipo kanopi nyingi zinapouawa na wale wanaozipenda. Vumbi letu jekundu lina chembe ngumu, na anayelifuta kwa kitambaa kikavu anapiga msasa bila kujua. Magari yanayotoka kwenye viwanda vya kuchenjua madini huja pia na vumbi la chokaa, ambalo likilowa huwa kali na kuila rangi. Kwa hiyo maji ya kutosha hutangulia, yakimiminwa kutoka juu kwenda chini bila shinikizo kubwa, kisha sponji na shampuu ya gari, kisha sponji husuuzwa kwenye ndoo ya pili kabla ya kurudi kwenye ya kwanza. Mashine ya shinikizo ikielekezwa kwenye mpira wa dirisha huyasukuma maji mahali ambapo mvua isingeyafikisha kamwe. Sabuni ya unga ya kufulia nguo huondoa nta yote. Na wako madereva wanaopaka mazuti, yaani dizeli, ili kanopi ing'ae mbele ya mkubwa: inang'aa kwa muda wa kufika ofisini, kisha vumbi lote la njiani linanata juu yake na mipira ya madirisha inaanza kuvimba.

Kanopi nyingi nyeupe za kampuni hazina rangi ya gari juu yake. Zina jelikoti, ngozi ya nje iliyomiminwa pamoja na faiba yenyewe, yenye unene wa nusu milimita hivi. Mji wetu uko kwenye kimo cha mita 1,200 na zaidi kidogo juu ya usawa wa bahari, na kwa miezi mitano au sita ya kiangazi hakuna wingu la kuukinga. Jua linaichoma jelikoti mpaka inatoa unga: pitisha kiganja, kinatoka cheupe. Unga huo ukiwa mwembamba unaondolewa kwa dawa ya kusugulia, na uso uliobaki unafungiwa chini ya nta. Lakini kila msuguo unakula ngozi ileile ya nusu milimita, kwa hiyo fundi anayekushauri usugue kila mwaka badala ya kupaka nta mapema anakuuzia siku za mwisho za kanopi yako. Ile iliyopakwa rangi ya gari itunzwe kama mlango wa gari, basi.

Saa 3

Mfanyabiashara anayepeleka dawa kwenye zahanati za upande wa Kipushi analalamika kwamba maboksi yake hufika mekundu, na anataka nizibe madirisha ya pembeni. Madirisha yake ni mazima. Gari linapokimbia, hewa ya nyuma yake hupungua shinikizo, na vumbi linalofukuka kwenye magurudumu hunyonywa ndani kupitia mianya ya kilango cha nyuma, hasa kwenye pembe za chini na kando ya bawaba. Nilimpa kipande cha karatasi, tukakibana kati ya kilango na mpira, nikamwomba akivute: kilitoka bila kupinga hata kidogo. Tukabandika mpira mpya kuzunguka kilango chote, tukaziba matundu ya zamani kwenye sakafu, nikamweleza kwamba kitundu cha hewa chenye kifuniko, kikiwekwa mbele ya paa ili upepo uingie kwa nguvu, husaidia kuliko silikoni yoyote, ile gundi laini ya kuzibia, kwa kuwa ndani ikijaa hewa vumbi halipati nafasi ya kunyonywa. Nilimwonya pia asitembee na kioo cha nyuma kikiwa wazi, jambo ambalo wengi hulifanya kwa ajili ya joto. Njia inayoingiza vumbi huingiza pia moshi wa ekzosi, na huku kwetu watu hupanda chini ya kanopi.

Saa 4

Hapa siku ilianza kuniponyoka.

Aliingia mkuu wa magari wa kampuni moja inayosafirisha sampuli za miamba, akifuatana na dereva wake, mzee mtulivu aliyebaki nyuma ya usukani. Mkuu hakusalimu. Gari lilipaswa kuondoka saa 8 mchana kwenda Kolwezi, kilomita 300 hivi kwa barabara ya taifa namba 1, na usiku ule maji yalikuwa yameingia na kulowesha maboksi ya karatasi pamoja na lebo zake.

"Fundi, dirisha la kushoto linavuja. Weka silikoni, nipe risiti, niende."

"Jambo, Shefu. Nipe nafasi nilitazame kwanza."

"Kutazama nini? Nimeona kwa macho yangu maji yakidondoka pale."

Dirisha lilikuwa tayari limepakwa silikoni tabaka juu ya tabaka, ya rangi tatu tofauti, kazi ya mikono mingi. Waliopaka walikuwa wameziba hata vile vitundu vidogo vya chini ya fremu ambavyo mtengenezaji huviweka makusudi. Kioo cha kuteleza hakizuii maji yote. Kiasi fulani huingia kwenye reli yake na kutokea nje kwa vitundu hivyo. Ukivifunga, reli inajaa na kumwagikia ndani, na hapo umeliumba vujo ambalo halikuwepo. Nilivizibua kwa waya mwembamba, maji machafu yakachuruzika ubavuni mwa gari. Mkuu akapiga makofi.

"Umeona! Ni dirisha. Sasa weka silikoni."

Nilimweleza kwamba huenda dirisha lina sehemu yake, lakini maji huingilia mahali pamoja na kuonekana pengine, na kwamba nisingeweza kuandika jina langu kwenye risiti kabla ya kupajua mahali penyewe. Kazi hii haina mashine ya kisasa. Tunakausha ndani, tunapuliza unga wa talki kwenye viungo vyote ili njia ya tone ionekane, kijana anaingia na tochi, tunafunga, nami nabaki nje na mpira wa maji usio na shinikizo, nikianzia chini kabisa, kwenye ule mpira wa povu unaokaa kati ya kanopi na kingo za gari, kisha napanda polepole. Ukianzia juu umejidanganya, kwa sababu maji yatapita kila mahali kwa pamoja. Kila sehemu inapewa dakika kadhaa, na dakika hizo, mbele ya mtu anayetazama saa yake ya mkononi na kuisoma kwa sauti, ni ndefu sana.

"Saa 4 na dakika 40, na wewe unacheza na maji."

Chini, pakavu. Dirisha la kushoto, ambalo sasa vitundu vyake vilikuwa wazi, pakavu. Dirisha la mbele linaloelekea kabini, pakavu. Kioo cha nyuma, pakavu, ingawa mpira wake ulikuwa umeanza kukakamaa. Nilipofika juu ya paa, kwenye mguu wa nyuma wa rafu ya mizigo, kijana akagonga kutoka ndani, akiniita Yaya, yaani ndugu mkubwa.

"Yaya, yanakuja! Yako nyuma ya zulia!"

Maji yalikuwa yakiingilia kwenye tundu la boliti, yakitambaa kati ya paa na zulia la ndani, yakifuata mbavu ya faiba mpaka juu ya dirisha la kushoto, na hapo ndipo yalipodondokea machoni pa mkuu. Kutoka mguu ule mpaka dirishani ni zaidi ya mita moja.

Nilimwomba mkuu apande ngazi ajionee. Rafu ilikuwa imefungwa kwa boliti zilizotoboa paa moja kwa moja, na upande wa ndani kulikuwa na washa ndogo tu, bila bamba la chuma la kuusambaza uzito. Kuzunguka kila mguu nyufa zilikuwa zimetawanyika kama miale ya jua kwenye mchoro wa mtoto. Paa la kanopi ya namna ile lina unene wa milimita 3 au 4. Uzito ambao mtengenezaji anauruhusu juu yake umepangwa kwa gari linalotembea, tena rafu yenyewe inahesabiwa humo, na ni lazima ukae juu ya eneo pana. Gari likiingia shimoni, mzigo uliotulia hapa uwanjani huwa mzito maradufu kwa nukta moja.

"Rafu hii ni ya tairi la akiba tu," mkuu akasema. "Hatubebi kitu kingine."

Nikafungua boliti, nikauinua mguu wa rafu, na chini yake kulikuwa na unga mweusi na vipande vidogo vya makala, yaani mkaa. Nilivifagia kwa kidole bila kusema neno, lakini mkuu alikuwa bado kwenye ngazi, kichwa chake kando ya changu. Akateremka, akaenda dirishani kwa dereva.

"Papa, hii ni nini?"

"Shefu, ni gunia moja tu, la nyumbani. Nilipotoka Likasi."

Wote tunayajua magunia ya makala ya barabara ile, yale yanayojazwa mpaka yakapita mdomo na kufungiwa kilemba cha nyasi juu. Gunia moja la namna hiyo halipandi lenyewe juu ya paa, na mara chache hupanda peke yake. Mabishano yao yalichukua nusu saa nzima ya muda ambao nilikuwa nikilaumiwa kuupoteza. Kisha mkuu akampigia simu mkubwa wake, na nikamsikia akieleza, nikiwa nimesimama mita mbili kutoka kwake, kwamba gari limecheleweshwa na fundi.

Alipomaliza akanigeukia na pendekezo. "Paka silikoni kwenye boliti hizo. Wiki ijayo tutarudi, utafanya hayo yako."

Silikoni ina mahali pake, chini ya fremu na kwenye viungo vinavyochezacheza, lakini haishikilii ufa unaokua, na popote ilipogusa resini hukataa kushika, na rangi pia. Kila anayeipaka juu ya ufa anamwongezea kazi fundi atakayefuata. Nilimwambia hivyo kwa adabu, nikamwambia pia kwamba barabara ya Kolwezi ingezirefusha nyufa zile mpaka zikutane, na hapo tutazungumza habari ya paa zima. Kulikuwa na njia nyingine: tuishushe kanopi, watu wanne wanatosha kuinyanyua, gari liende na turubai. Aliangalia mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa kusini, akayafikiria maboksi yake, akakataa. Tukakubaliana gari liondoke kesho alfajiri. Kisha akavuta kiti cha plastiki, akakaa hatua tatu kutoka ninapofanyia kazi, na hakuondoka tena.

Saa 6, au karibu yake

Kuondoa silikoni kulitumia muda mwingi kuliko yote yaliyofuata, na ni kazi ambayo haionekani kwenye risiti. Unaikwangua kwa ubapa wa plastiki, kisha unafuta kwa kitambaa chenye dawa ya kuondolea mafuta, na kitambaa kinageuzwa kila mara, kwa sababu upande uliokwisha kutumika hauondoi kitu, unakitandaza tu. Mkuu aliuliza kwa nini ninamaliza vitambaa.

Baada ya hapo ni kusaga. Nilivaa mikono mirefu, nikajipaka unga wa talki mikononi na shingoni ili vumbi la faiba lisiingie kwenye vinyweleo, nikafunga barakoa na miwani. Faiba iliyopasuka haizibwi juujuu. Unaisaga kwa mteremko kuzunguka tundu, na kanuni tunayofuata ni milimita 12 za mteremko kwa kila milimita 1 ya unene. Paa la milimita 4 linadai karibu sentimita 5 kila upande wa tundu. Mkuu alipoona upana wa nilichokisaga alisimama.

"Nimekuletea tundu la boliti, wewe umelifanya upana wa sahani!"

Nilikuwa ndani ya barakoa, nisingeweza kujibu, na kwa hilo ninaishukuru barakoa. Umeme ukakatika katikati ya mguu wa tatu. Kijana akachukua bidoni, lile dumu letu, akaenda kutafuta esanse, yaani petroli, ya jenereta, na alipokuwa akirudi nilikuwa nikisaga kwa mkono, kwa msasa namba 80 uliofungwa kwenye kipande cha ubao, jasho likishuka ndani ya miwani.

Kuhusu resini kuna jambo ambalo napenda wenyeji wa Katanga walijue. Resini ya poliesta haikauki yenyewe kwa kupoteza maji. Hukazwa na hadena, ambayo ni peroksidi, na peroksidi hiyo huamshwa na chumvi ya kobalti iliyochanganywa ndani ya resini tangu kiwandani. Ndiyo sababu resini nyingi zina wekundu unaoelekea zambarau. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, inapita mbele ya geti letu kwenye malori, nami nainunua tena kwa vitone ndani ya kopo lililotoka ng'ambo. Fundi anayechanganya mwenyewe kobalti na hadena moja kwa moja, bila resini katikati, anatengeneza mlipuko. Na tone moja la hadena jichoni linaweza kumpofusha mtu. Kijana wangu haruhusiwi kuishika chupa ile bila miwani, hata kuihamisha tu kutoka rafu moja kwenda nyingine.

Mkuu alikuwa akiangalia ninavyopima. "Ongeza dawa, ikauke upesi."

Kiasi cha kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, na kwa joto la Oktoba asilimia 1 inatosha na kubaki. Ukizidisha, mchanganyiko unachemka ndani ya kopo kabla hujamaliza kuupaka, na kiraka kinachotoka ni kigumu lakini chepesi kuvunjika, tayari kupasuka pembeni mwake. Nilichanganya kidogo kidogo. Kwa kila mguu nilikata vipande vya mkeka wa nyuzi za kioo kwa mviringo, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, nikavilowesha kimoja baada ya kingine na kupitisha rola ndogo ya chuma yenye meno mpaka weupe wote wa nyuzi ukatoweka na kiraka kikawa kinaonyesha kilicho chini yake. Doa jeupe ni hewa, na hewa ikibaki maji yatarudi. Paa lile lina miguu minne ya rafu, na kila mmoja ulihitaji kufanyiwa kwa nje na kwa ndani. Kwa ndani unalala chali kwenye sakafu ya chuma iliyopashwa na jua, mikono juu, resini ikikudondokea shingoni, na harufu yake haina pa kutokea ingawa tumefungua kila dirisha. Mtu anayedhani kwamba naosha magari ningependa alale pale badala yangu kwa kiraka kimoja tu. Kopo la mabaki nililiweka nje juu ya mchanga, likafuka moshi peke yake, na kwa mara ya kwanza mkuu alisogeza kiti chake nyuma.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipokula. Bukari, yaani ugali, ilikuwa imepoa na sombe, mboga ya majani ya muhogo, vilevile, na vidole vyangu vilinuka asetoni hata baada ya kunawa. Mkuu alikaribishwa, akala vizuri, akasema sombe ina chumvi nyingi.

Kiraka kilipokaza nikakisawazisha, ikaja zamu ya jelikoti. Nyeupe haziko sawa: kanopi hii ilikuwa imepigwa na jua miaka mingi, na nyeupe ya kopo ingeonekana kama plasta juu ya jeraha kama nisingeongeza manjano kidogo kwa ncha ya njiti, nikijaribu kwenye kipande cha karatasi na kukiweka juu ya paa, tena na tena. Jelikoti haikazi vizuri ikiguswa na hewa, uso wake hubaki ukinata, kwa hiyo niliifunika kwa karatasi laini ya plastiki, nikaibana kingo zake kwa utepe. Mkuu akainyanyua kona moja ili aone. Nikairudisha. Wakati huo wenye magari mengine, waliokuja kwa ajili ya bawaba na vitasa, walikuwa wamekwisha kuondoka, na kijana alikuwa amewaandikia kwenye daftari warudi kesho.

Jioni

Kwa msasa wa maji tulianza na namba 400, tukapanda hadi 1200. Kuing'arisha kabisa nikakuahirisha mpaka watakaporudi, kwa kuwa mwanga ulikuwa umekwisha na ung'aavu hauzuii maji. Rafu sikuirudisha. Nilikagua vibano vinavyoishikilia kanopi kwenye kingo za gari: viwili vilikuwa vimelegea hata kugeuka kwa vidole, na kimoja kilikuwa kimekazwa kwa hasira mpaka ukingo wa faiba ukaanza kubonyea. Nikavikaza kwa kupokezana, kushoto na kulia, kidogo kidogo. Kwenye vitasa niliweka unga wa grafiti, si mafuta, kwa maana mafuta hukusanya vumbi na kuufanya ufunguo ugome. Fimbo za gesi zinazokiinua kioo cha nyuma nilizifuta tu kwa kitambaa safi. Kisha mpira wa maji tena, chini hadi juu, kijana akiwa ndani na tochi. Pakavu kila mahali.

Bei ilitupa shughuli nyingine. Mkuu alitaka muda wa kuondoa silikoni upunguzwe kwenye hesabu kwa kuwa hakuiagiza yeye, na akataka gari lioshwe bure kwa sababu, alisema, sisi ni waosha magari. Gari lilioshwa. Silikoni ilibaki kwenye hesabu. Alilipa nusu kwa dola, nusu kwa faranga baadaye, akasaini karatasi ambayo nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kwamba paa lisibebe kitu chochote, vibano vikazwe tena wakifika Likasi, na vitundu vya chini ya madirisha visizibwe. Hakuisoma.

Aliyeisoma ni dereva. Mkuu alipokwenda barabarani kutafuta teksi, mzee yule aliikunjua karatasi kwenye taa ya kabini, akaisoma yote polepole, kisha akaja nilipokuwa nikinawa mikono kwa maji baridi.

"Fundi, na kama rafu isingekaa juu ya faiba? Kama ingekuwa na nguzo zinazoteremka mpaka kwenye chuma cha gari?"

Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo njia ya kweli. Fremu ya chuma inasimama ndani ya kanopi juu ya kingo za sehemu ya mzigo, uzito unashuka kwenye gari lenyewe na paa linabaki kuwa kifuniko tu. Ila kila gunia litaendelea kuhesabiwa katika mzigo wote wa gari, na gari lenye uzito mwingi juu huyumba kwenye kona. Nikamtajia bei ya mabomba na ya kulehemu. Alinyamaza, akakokotoa kitu kichwani mwake, pengine kwa bei ya makala. Kisha akaniomba utepe wa kupimia, akaingia chini ya kanopi na tochi ya simu, akaanza kupima upana kati ya kingo mbili, akinitajia namba kwa sauti ili niziandike.